Nyasi za Nyuma ya Mwamba

Kacha. Kacha. Kacha.

Deodatha alifumbua macho gizani. Nyasi za sakafuni zilikuwa zikilia chini ya miguu ya mama mkwe wake. Nyasi mbichi hunyamaza. Hizi zilitandikwa Krismasi, na sasa zilikuwa zimevunjikavunjika hadi udongo unachungulia.

"Umeamka?" Auleria aliuliza.

"Nimeamka, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Si unasikia mwenyewe? Leo shangazi wa Verdiana anakuja kutazama nyumba atakamoolewa mtoto wao. Akikalia makapi haya, Gosbert wangu atamwoa nani? Atarudi kwao Kanoni aseme, kwa Auleria watu wanalala kama kuku."

Gosbert alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, na Verdiana ndiye mchumba wake. Kaka yake Rwegasira, mumewe Deodatha, alikuwa Uganda akilima pamba ya watu tangu vita vilipokwisha. Kutandika nyasi ilikuwa kazi ya mke wa mwana, na mke wa mwana alikuwa mmoja tu. Shida ni kwamba nyasi hazikuwepo. Moto wa kiangazi ulikula vilima vyote vya huku Rugu. Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimenyesha, majani mapya yamechipua, lakini mafupi kama nywele za kichanga.

"Nitashuka ziwani," alisema Deodatha.

"Ziwani wenzako wamekwisha kata."

"Nitatazama mbele zaidi."

"Mbele wapi, na mbele ni mwamba?" Auleria aliguna. "Haya, nenda. Ila usije ukakimbia. Mke wa mtu akikimbia, wanaume hutoka na mikuki wakidhani kuna maafa."

Deodatha alimfunga binti yake Kemirembe mgongoni, akachukua mundu na kamba ya mgomba, akashuka. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, mzito kama mkungu wa ndizi, na aliuliza jina la kila kitu.

Ziwa Burigi lilikuwa bado limejifunika ukungu. Pale wanawake walipozoea kukata, yalibaki mashina matupu. Mbele ulisimama ule mwamba mweusi, umetia kichwa majini kama ng'ombe anayekunywa. Wote waliishia hapo. Hakuna aliyewakataza kupita. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuwa na haja.

Deodatha alitazama nyuma. Hakuna mtu. Akapandisha kanga, akaingia majini, akauzunguka mwamba akipapasa kwa kiganja.

Upande wa pili palikuwa na mwambao mrefu, mchanga na tope laini, hauna hata unyayo mmoja. Alianza kwa kutembea. Kisha akatembea haraka. Kisha miguu yake, ambayo zamani ilikuwa ya msichana aliyewashinda kaka zake kufukuza ndama, ikajikumbuka yenyewe.

Alikimbia.

Tope lilimpokea na kumrusha. Ndege weupe waliinuka mbele yake, wakatua mbali kidogo, wakainuka tena, kana kwamba wanamwonyesha njia. Upepo ulinuka mvua na samaki. Alifika kwenye kona, akaona ghuba. Akaimaliza, na nyuma yake ilikuwapo ghuba nyingine, yenye maua ya zambarau yanayoelea. Miaka minne ameishi kilimani pale, akiliona ziwa kila asubuhi kama sahani ya mtu mwingine. Kumbe lilikuwa na vyumba vyote hivi!

"Tena, Mama!" Kemirembe alipiga kelele, akimpiga visigino kiunoni.

"Tena nini, wewe? Mimi punda?"

"Punda! Tena!"

Akakimbia tena, akicheka mpaka mbavu zikamuuma, hadi alipokuta nyayo pana za kiboko, maji bado yanajikusanya ndani yake. Kicheko kikakatika. Ndipo alipoinua macho na kuona jua lilikokwisha fika.

Nyasi! Mikononi hakuwa na hata unyasi mmoja.

Aligeuka mbio, moyo ukimdunda kwa namna nyingine sasa. Aliporudi kwenye ghuba ya kwanza alisimama ghafla. Juu kidogo ya mchanga, kwenye mteremko ambao moto haukufika, nyasi zilisimama ndefu, laini, zikiinama pamoja. Alikuwa amezipita akitazama ndege.

Alikata mpaka viganja vikawaka. Alirudi na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, akitembea kama mke wa mtu.

Alikuwa anatandika konzi ya mwisho mgeni alipobisha hodi. Hapakuwa na muda wa kuoga. Adelgunda, yule shangazi wa Verdiana, mama mrefu wa maneno machache, aliketi, akanyoosha miguu, akapitisha kiganja sakafuni polepole. Deodatha alipiga magoti, akamsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna.

"Asante, mwanangu." Macho ya mgeni yakatua kwa Kemirembe. "Na huyu? Matope mpaka kwenye nywele?"

Auleria naye alikuwa ameyaona, tangu walipoingia. Anayetembea hupata tope miguuni. Anayekimbia hujirushia mgongoni, na mgongo wa Deodatha ulikuwa na mtoto. Alimtazama mke wa mwanawe, akazitazama nyasi.

"Mama yake aliteleza, dada," alisema Auleria. "Huko ziwani kunateleza sana majira haya."

"Kunateleza," Adelgunda alikubali. Alitia punje ya kahawa kinywani, akaitafuna bila haraka. Kisha akavuta unyasi mmoja, akaunusa. "Nyasi laini hivi nilizikalia zamani, nikiwa msichana. Nilikuja huku kumtembelea mama mdogo." Akauzungusha unyasi kidoleni. "Na ule mwamba mweusi, bado mtu anaweza kuuzunguka?"

Deodatha hakuinua uso. Aliona tu vidole vya miguu ya mgeni vikijichimbia ndani ya nyasi mbichi, kimyakimya, kama vinatafuta mchanga.

Kemirembe alimwendea bibi yake, akamshika goti.

"Bibi, Mama hakuteleza, alikimbia."