Mtandio Uliokalia Kiti

Wanaume wa kijiji kile cha wachapaji wa vitambaa, nje kidogo ya Jaipur, hawakuwahi kuiona sura ya mwenyekiti wao. Walichokijua ni mtandio wake: hariri nyekundu iliyogongwa maua meusi kwa mihuri ya mbao, kazi ya mama mkwe wake, na hapakuwa na mwingine kama huo. Hata picha ya kampeni ilikuwa ya mtandio huo, umeshushwa hadi kidevuni, na pembeni yake mumewe Bhanwarlal kakenua meno yote. Safari hiyo kiti kilikuwa zamu ya wanawake, kwa hiyo Bhanwarlal alimsimamisha mkewe, Sugna, kisha akakikalia mwenyewe. Sugna alishinda, mumewe akavishwa mashada.

Kuuvaa alifundishwa na huyo mama mkwe, Dhapu, siku alipoletwa bibi harusi.

"Ncha moja chomeka kiunoni. Nyingine ipande begani, ipite kichwani, halafu vuta mbele. Vuta tena, mwanangu. Ukiona vidole vya miguu yako tu, umeuvaa sawasawa."

Tangu hapo Sugna aliviona vidole vyake mpaka akavichoka.

Na pengine angeendelea kuviona, kama si habari ya uwanja. Ule uwanja wa mtoni ndipo kijiji kizima kilipoanika vitambaa, na Bhanwarlal alikuwa amemwahidi tajiri mmoja ajenge tanuri la matofali hapo hapo. Nani ataanika hariri chini ya masizi? Lakini mwenyekiti alitakiwa akubali mbele ya afisa wa wilaya, na kikao kilikuwa kesho yake.

"Afisa akiuliza, wewe tikisa kichwa, basi," Bhanwarlal alimwambia huku akimega mkate. "Kichwa tu. Hata mbuzi anaweza."

"Basi mpeleke mbuzi."

Asubuhi mtandio haukuwepo kwenye msumari wake. Dhapu naye hakuwepo kwenye meza ya kuchapia, yeye ambaye hata homa haikuwahi kumwondoa pale. Sugna alitazama msumari, akatazama meza, akaelewa. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka. Mumewe kamvika mama mkwe mtandio wake, akakae kitini badala yake! Nani atajua? Huko barazani mwanamke hafunui uso wala hapazi sauti mbele ya wazee.

Mezani palikuwa na hariri iliyonyooshwa, nyeupe, haijagongwa hata ua moja. Nyeupe huvaliwa na wajane. Aliinyakua hivyo hivyo, akaipitisha begani, akaikaza kiunoni kama siku za kazi nyingi, akatoka kichwa wazi na uso wazi. Muuza chai alipomwona alijimwagia chai mapajani.

Barazani, mtandio mwekundu ulikuwa umekaa kitini, umeinama. Bhanwarlal alisimama kando yake kama mwenye duka. Afisa alikuwa anauliza, "Kwa hiyo mwenyekiti anakubali?"

"Hakubali," Sugna alisema toka mlangoni.

Bhanwarlal aligeuka, akaona ile nguo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Umevaa nyeupe! Kwani mimi nimekufa?"

"Kwenye kiti hicho, ndiyo."

Mtu mmoja alicheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Bhanwarlal alipata akili ya haraka, ile akili yake mbaya.

"Mheshimiwa, mwanamke huyu simjui. Ana wazimu. Mke wangu ndiye huyu aliyekaa."

Afisa aliwageukia wazee. "Nani anaweza kumtambua?"

Wazee walitazama uso, wakatazama mtandio, wakauamini mtandio. Hata shemeji zake, waliokula chakula cha mkono wake kila siku ya Mungu, waliinamisha macho, maana kweli hawakumjua. Waliomjua ni wanawake, nao walikuwa wamesimama nyuma ya ukuta, wamejifunika, kimya.

Kwao mke hatamki jina la mumewe. Husemwa kwamba humpunguzia siku za kuishi. Sugna alilitamka kwa sauti iliyofika hadi ukutani.

"Bhanwarlal! Nitazame usoni, useme tena."

Bhanwarlal alitazama dari.

Hapo mtandio ukasogea. Mikono miwili yenye rangi iliyoganda kwenye kucha ilishika pindo, ikaurusha nyuma, na Dhapu akawa amekaa mbele ya wanaume wote, mvi zake nje, macho yamejaa machozi.

"Mama! Funika uso, wazee wapo!"

"Wazee na wanione. Nimewapikia mpaka wamezeeka. Uliniambia mke wako anaumwa, nimshikie kiti kidogo tu. Sasa unamkana mchana kweupe, na mimi nimekaa hapa nakusaidia! Aibu ipi imebaki ya kufunika?"

Aliinuka, akamvua Sugna ile nyeupe, akamvisha nyekundu. Kwa mazoea mkono wa Sugna uliivuta hariri kuelekea kichwani. Dhapu aliupiga kofi.

"Acha! Begani. Nilikufundisha vibaya."

Sugna alikaa kitini. Vidole vya miguu hakuvitazama.

"Uwanja ni wa kuanikia vitambaa," alimwambia afisa. "Tanuri halijengwi. Andika hivyo, na mimi nitatia sahihi."

Afisa aliandika. Bhanwarlal alikuwa bado amesimama kando ya kiti, hajui aiweke wapi mikono yake.

"Na mimi nikae wapi?" aliuliza.

Sugna alimwonyesha kule nyuma ya ukuta, ambako wanawake walikuwa wameanza kusogea kumpisha.

"Pale. Ni pazuri, unasikia kila kitu."