Ming'oko ya Maftaha

"Hiyo ndege yenu, Damiani, inachukua muda gani kufika Moscow?"

Bi Adija aliuliza akiwa bado ameshika sahani aliyolia mgeni. Damiani, kijana wa Mingoyo, alikuwa akisoma huko pamoja na Maftaha, mwana wa Bi Adija. Damiani alikuwa amekuja kumzika baba yake. Sasa alikuwa anarudi, akapitia kwao Maftaha, Kiranjeranje, kuchukua salamu.

"Ni maili elfu nne na ushei, mama. Lakini ukila cha jioni Dar, cha mchana wa pili yake unakila Moscow."

"Basi hakichachi."

"Nini?"

"Chakula cha mwanangu."

Alfajiri alichukua jembe akaenda mahameni, kule walikokaa kabla ya kuhamishiwa kijijini, kando ya barabara. Nyumba ilibaki nguzo tu, vichaka vimeingia mpaka jikoni. Akachimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, pale pale Maftaha alipozoea kuchimba, akiufuata kila mzizi taratibu asiukate.

"Nipe mibichi, mama," Damiani alimwambia aliporudi. "Inakaa hata wiki mbili."

"Atapikiwa na nani huko kwenye theluji? Miaka mitatu hajala mkono wangu. Nataka afungue, ale."

Akaichemsha kwa chumvi, akaichuja, akaiacha ipoe, akaifunga kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu kipya cha ukindu. Michache mibichi iliyozidi akaiweka pembeni mwa jiko.

Kesho yake basi lilipofika, akampa Damiani kikapu dirishani. "Usinifungulie njiani, Mmakonde wewe. Tumbo lako nalijua!"

"Hata nikifa njaa, mama!"

Usiku ule Bi Adija alijilalia akijiambia, sasa yuko Dar. Akahesabu na siku ya ndege. Mchana wa siku ya kufika Moscow alitandika mkeka, akajipakulia ming'oko ya kuchemsha aliyojibakizia, akala polepole, akitafuna kama mtu anayemngoja mwenzake amalize.

Basi lilirudi baada ya siku nyingi. Utingo akamshushia kikapu kitupu.

"Shikamoo, bibi. Mto Rufiji ulijaa. Pantoni haikuvuka siku tatu, chakula kikatuishia. Hii ming'oko ilikwishaanza kunuka kwa mbali. Damiani akasema heri iliwe kuliko kutupwa. Tumekula basi zima."

"Na yeye?"

"Hakugusa. Tulimcheka sana. Anasema alikuahidi. Mto ulipopungua akavuka na abiria wenziwe; ndege sijui kama aliikuta."

Bi Adija alikigeuza kikapu, akakung'uta vipande vya majani makavu.

"Chumvi ilikolea?"

"Ilikolea, bibi. Wengine walilamba na majani."

Basi likaondoka. Akaingia jikoni. Ile mibichi ilikuwa bado pembeni, na udongo wake wa mahameni. Akauokota mmoja, akaupangusa kwa khanga, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu, mzima kabisa.