Majivu kwenye Tairi la Loveness

Mjukuu wangu Loveness alianguka mara ya tatu kwenye kona ile ile ya changarawe, chini ya shamba letu la Masieda. Nilimfuta damu ya kiwiko kwa upindo wa khanga. Hakulia. Alisema tu, "Bibi, Jumamosi nikianguka, basi tena."

Sylvester, mwenyekiti wa bodaboda wa Haydom, alikuwa amemwambia kwamba hakuna msichana aliyewahi kupewa nafasi kijiweni kwao, lakini akimaliza mashindano ya pikipiki ya Jumamosi kule Hirbadaw bila kuanguka, ataingia. Wenzake walicheka. Mmoja alisema, "Dada, hii siyo mashine ya kusaga, kwamba unakaa tu unasubiri unga!"

Tukiwa pale kwenye kona akapita Gidamis, kijana wa Hirbadaw aliyeshinda mwaka jana. Alizima pikipiki kabisa ndipo akanisalimia. Wengi hunisalimia injini ikiwa bado inanguruma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaliminya tairi la nyuma la Loveness kwa dole gumba. "Umejaza upepo kiasi gani?"

"Arobaini, kama siku zote."

"Hiyo ni ya abiria na gunia la mahindi. Mashindano utakuwa peke yako, na mwenyewe mwepesi. Tairi gumu halishiki changarawe, linateleza juu yake."

Loveness akanivuta pembeni. "Bibi, anataka nishindwe. Tairi laini litanichelewesha."

"Huyo amezima injini ili amsalimie bibi kizee," nikamwambia. "Jaribu kwanza."

Gidamis akatoa geji ya upepo mfukoni. "Ningekuwa na chaki ningewaonyesha vizuri tairi linagusa chini mpaka wapi."

"Majivu yanafaa?"

"Yanafaa sana, bibi."

Nikaenda jikoni, nikayakoroga majivu na maji kidogo, tukayapaka ukingoni mwa tairi hadi ubavuni. Gidamis akapunguza upepo hadi kumi na nne. Loveness akaizunguka kona, akarudi pikipiki ikiyumba kama ndama aliyezaliwa leo. Majivu yalikuwa yamefutika mpaka ubavuni.

"Tumezidisha," Gidamis akasema. "Ukikutana na jiwe, ringi itapinda."

Wakapokezana pampu ya mkono mpaka ishirini na mbili. Nikapaka majivu mengine. Safari hii yalifutika hadi ukingoni tu, yakaishia hapo. Loveness aliirudia ile kona mara sita.

"Bibi, inashika!"

Gidamis akacheka. "Jumamosi pima kabla hujaanza kukimbia. Tairi likipata moto upepo unapanda, geji itakudanganya." Akamwachia ile geji. Nilimpa maziwa ya mgando, akanywa amesimama, akaenda zake.

Siku ya mashindano nilisimama kwenye kona mbaya kuliko zote. Vijana wawili walianguka mbele ya macho yangu, mmoja akiwa yule wa mashine ya kusaga. Loveness akaja nyuma yao. Gurudumu la nyuma likateleza kidogo, nikaziba mdomo. Kisha likashika, akapita.

Alikuwa wa saba. Gidamis alishinda tena, lakini hakwenda kunywa maji mpaka Loveness alipovuka mstari. Alimpigia makofi, akakataa kurudishiwa geji.

Sylvester alikuja, akalitazama vumbi kwenye uso wa mjukuu wangu. "Kesho saa moja asubuhi. Utapaki pale mwisho, karibu na duka la mbegu. Usichelewe."

"Sitachelewa, mwenyekiti."

Nikauliza kama basi bado lipo. "Utapandaje basi na mimi nipo?" Loveness akasema. Nikaifunga khanga vizuri, nikakaa nyuma yake.

"Subiri, bibi. Shuka kwanza."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Sasa tuko wawili."

Akachukua pampu, akajaza, akapima kwa geji ya Gidamis, akajaza tena. Mimi nikasimama kando, nikimshikia kofia. Sikuwa na haraka.