Mzee Aliyekalia Kasha

Kitendawili! Kikiwa kipya kinanunua mkate, kikichakaa hakinunui hata chumvi, kikizidi kuzeeka wanaume wazima wanakigombania. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kaunas? Aa, huo mkubwa, nitauzunguka mpaka nichoke. Nipe Ukmergė, unanitosha. Haya, jibu ni noti. Na kama unadhani nakudanganya, muulize Genovaitė, mke wa Zigmas.

Huyo Zigmas alikuwa mkusanyaji. Si wa noti zote, la. Yeye alitaka zile noti za litas, fedha ya kwao, za mwanzo kabisa, za mwaka 1922, Lithuania ilipokuwa taifa changa. Kila Jumamosi alipanda basi kwenda Kaunas kukutana na wenzake wenye ugonjwa huohuo. Chumba chenye albamu hakifunguliwi pazia, jua litapausha noti. Kabichi haichemshwi mlango ukiwa wazi, mvuke utazilegeza. Hata kibano cha nyusi cha Genovaitė kilihamia huko, kisirudi.

Albamu ilikuwa na nafasi moja tupu: noti ndogo ya senti hamsini.

Sasa mjukuu wao, Ugnė, alikuwa anaolewa. Asubuhi ile ndugu wa bwana harusi walikuwa waje kuchukua kasha la bi harusi, kasha la mbao lenye maua ya rangi, alilokuja nalo mama yake Genovaitė alipoolewa. Genovaitė akalifungua apanguse vumbi. Ndani ya kifuniko, kama kawaida ya makasha ya zamani, palibandikwa picha za watakatifu. Kitambaa kilikuwa na maji kidogo. Pembe ya Mtakatifu Agota ikabanduka, na chini yake ikachungulia noti.

"Zigmas! Hebu njoo uone mama alichobandika!"

Hapo ndipo alipokosea. Laiti angeufumba mdomo wake.

Mzee alikuja na kioo chake cha kukuzia, akatazama kama mtu aliyeona malaika: ndiyo ile senti hamsini aliyoikosa. Kisha akasema, "Lete birika."

"Birika la nini?"

"Nitaipulizia mvuke, ibanduke. Lazima nione mgongo wake."

"Thubutu! Hiyo gundi ya unga imeshika tangu mama yangu ni mwali. Utapasua noti, utachuna kifuniko, na mtoto aende kwa mumewe na kasha lenye upele!"

"Wewe huelewi, mama."

"Miaka yote naambiwa sielewi. Haya nieleweshe leo. Ukiibandua, ukaona huo mgongo, ukaitia kwenye albamu. Halafu?"

Zigmas alifunga kifuniko, akakaa juu ya kasha, akakunja mikono.

Na gari likapiga honi nje.

Aliingia Tautvydas, kaka wa bwana harusi, na chupa kwapani. Alipomwona mzee amekalia kasha, akacheka mpaka fizi zikaonekana. Nani asiyejua kwamba kasha la bi harusi halitoki bure? Lazima mtu wa upande wa mke alikalie, na wageni wamkomboe.

"Ahaa, babu! Umeshaanza mchezo! Haya, shika glasi."

Zigmas akanywa. Hakuinuka.

"Mgumu huyu!" Tautvydas akaleta soseji ya kukaushwa. Mzee akala. Ikaja jibini. Akala. Tautvydas akaimba wimbo mzima, akapiga na makofi. Mzee akafuta mdomo, akabaki palepale.

"Mababu wa Ukmergė hamchezi!" Tautvydas alisema, ila sasa kicheko kilikuwa kimepungua. "Bibi, huyu kwa kawaida anataka nini?"

"Anataka bakora," alisema Genovaitė. "Mwanangu, rudisha chupa yako, huyu hachezi. Huyu amekaa kweli."

Ugnė akatoka chumbani, nywele nusu zimesukwa. Bibi yake akamweleza yote kwa maneno machache na makali. Msichana akapiga magoti mbele ya mzee.

"Babu, watu wa kule watasema nimekuja mikono mitupu. Kama unaitaka sana, bandua. Nitafunika kovu kwa kitambaa."

Zigmas akamtazama, akatazama pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umesikia?" Genovaitė alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mtoto amekupa ruhusa. Birika liko jikoni, linachemka. Kabichi yangu hairuhusiwi, lakini mvuke wako ruksa. Inuka basi ubandue! Mbona huinuki?"

Mzee hakuinuka.

"Basi nijibu nilichokuuliza. Ukishaipata, Zigmas, halafu?"

Birika likapiga mluzi. Tautvydas akalitoa jikoni bila kuambiwa, akasimama nalo mkononi kama mjinga.

Zigmas aliinuka polepole, akishika kiuno, akasogea kando ya kasha.

"Halafu basi," alisema. "Albamu imejaa, na mimi Jumamosi sina pa kwenda. Libebeni, kabla sijabadili mawazo."