Desibeli Themanini na Mbili

"Nasema nimekuja kwa ajili ya masikio!" alipaza sauti dirishani, na foleni nzima nyuma yake ikacheka.

Asiyesikia huongea kwa namna mbili: ama ananong'ona, ama anaongea kama yuko mnadani. Huyu alikuwa wa mnada. Aliegemea kioo, akanigeuzia sikio la kulia, lililokuwa na nafuu kidogo, akangoja nijibu. Hakunitambua. Mimi nilimtambua kabla hajaifikia nusu ya foleni, kwa sababu nilikuwa nikimsubiri kwa miaka sita.

Sitii chumvi. Nilikuwa nimepiga hesabu. Mtu anayesimama saa nane kwa siku katika kelele ya desibeli tisini na saba, kwa miaka kumi na tisa, bila kuziba masikio, hupoteza kwanza sauti nyembamba, za ndege na za watoto wadogo. Kisha maneno huanza kumfikia yakiwa yamemeguka. Mwisho hupoteza mazungumzo ya mezani. Kwa hesabu yangu alitakiwa kufika mwaka uliopita. Alichelewa miezi saba.

Karakana yetu ilitengeneza kabati za chuma za maofisini. Mashine za kuchomelea nukta zilikuwa tisa, zimepangwa safu moja ukutani, na mafundi waliziita spoti. Fundi huweka mabati mawili kati ya ncha mbili za shaba na kukanyaga pedali. Ncha hubana kwa nguvu ya hewa, umeme hupita, cheche huruka, hewa hutoka. Wageni hudhani kelele inatoka kwenye cheche. Si kweli. Cheche hulia kama mafuta kikaangoni, basi. Kinachoua sikio ni shaba kugonga bati na hewa kufyatuka, mara ishirini kwa dakika, kwa mashine tisa, chini ya paa lisilo na dari.

Baba yangu alikuwa kwenye spoti ya nne. Nyapara wao tulimwita Kipaza, kwa kuwa sauti yake ilizishinda mashine zote, naye alijisifu kwamba hajawahi kutia kitu masikioni. "Masikio ya mwanamume hayazibwi kama chupa," alikuwa akiwaambia. Vizibo vya masikio vilikuwepo, ndani ya ndoo nyeupe stoo. Viligawiwa asubuhi ya siku ya vipimo na kurudishwa ndooni jioni.

Aliyekuwa akipima ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti kipya, na kazi ambayo baba aliniombea kwa Kipaza huyo huyo.

Siku ya vipimo Kipaza alishusha presha ya hewa kutoka sita hadi tatu, ncha zikawa zinafunga kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alizima mashine sita kwa madai ya matengenezo. Kisha akanionyesha mahali pa kusimama: nyuma ya rundo la mabati, hatua kumi na mbili kutoka kwa fundi wa karibu. Kipimakelele kikaonyesha themanini na mbili. Kikomo cha sheria ni themanini na tano.

"Mzee, sikufundishwa kupimia huku," nilimwambia. "Hupimwa kando ya sikio la fundi."

"Binti yangu," alisema, mkono wake begani mwangu, "waliokufundisha hawana karakana. Andika unachokiona kwenye kioo. Au baba yako amechoka kazi?"

Baba alikuwa akitutazama, mguu juu ya pedali. Niliandika. Tukatia saini wawili, mimi na Kipaza, kama fomu inavyotaka. Wiki iliyofuata, mashine zote tisa zikiwa zinafanya kazi, nilikwenda nikashika chombo kando ya sikio la baba. Mia na moja. Namba ile haikuwa na saini ya pili, kwa hiyo kisheria haikuwepo.

Niliandika themanini na mbili kwa miaka minne, kisha nikahamia mfuko wa fidia za kazini, kitengo cha vipimo. Nilikuwa huko baba alipoleta ombi lake. Alikuwa hasikii tena mlango ukibishwa. Hakuomba makubwa, alitaka vile vifaa viwili vya kusaidia kusikia ambavyo mfuko humpa fundi aliyeumizwa na kazi. Jibu lilikuwa la mistari mitatu. Kelele ya mahali pa kazi ilikuwa desibeli themanini na mbili. Kelele ya kiwango hicho haileti uziwi. Ombi limekataliwa.

Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akanipa. Hakuuliza nani alipima. Aliniona nikipima.

Mwezi ule ule niliandika maelezo yangu, kurasa nne, nikakiri kila kitu. Waliniondoa kwenye vipimo, wakaniweka dirishani kupokea maombi. Adhabu ilikuwa ya haki. Lakini karatasi yenye saini mbili haibatilishwi na mtu mmoja; lazima na wa pili akiri kwa mkono wake. Nilimwendea Kipaza nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, maana wakati ule bado alikuwa anasikia, akasema, "Sina la kuandika," akafunga mlango. Ndipo nilipochukua karatasi na kupiga hesabu.

Sasa, akiwa mbele ya dirisha langu, nilimwandikia kwa kalamu ya wino mzito: OMBI HALITAPITA. KELELE ILIKUWA 82.

Alisoma, akacheka. "Themanini na mbili? Pale? Pale hata radi ingepiga usingeijua!" Halafu kicheko kikamwishia. Alinikazia macho. "Wewe ni binti wa spoti ya nne."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi si unajua?"

NAJUA, niliandika. LAKINI SAINI NI MBILI. Nikampitishia fomu ya maelezo chini ya kioo.

Kanuni zina kifungu cha tisa. Anayekiri kughushi vipimo hupoteza haki yake mwenyewe ya fidia na vifaa, maisha yake yote. Kabla hajaandika, mpokeaji lazima amsomee kifungu hicho kwa sauti mbele ya shahidi. Nilimwita mwenzangu wa dirisha la pili. Nilikisoma chote, bila kuruka neno, kwa sauti ninayoitumia mtu akiniuliza saa. Foleni ilikuwa inapiga soga. Kipaza alinitazama midomo, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama waitikiavyo watu waliochoka kuomba warudiwe. Baba aliitikia hivyo mezani kwetu kila siku. Kwa hiyo nilijua maana yake.

Kalamu ya wino mzito ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliifunika kwa kifuniko chake.

"Dada, huyu mzee amesikia kweli?" mwenzangu aliniuliza.

"Ameitikia," nilisema. "Andika kwamba ameitikia."

Kipaza alijaza ukurasa mmoja na nusu. Alieleza presha, mashine zilizozimwa, rundo la mabati, ndoo ya vizibo. Hakuacha kitu, sikutarajia awe shahidi mzuri kiasi kile. "Asante, mwanangu," alipaza sauti alipokuwa akiondoka. "Umenisaidia sana."

Mafaili kumi na moja ya mafundi wa karakana ile yakafunguliwa upya, la baba likiwamo. Kipaza alipata barua yake, akarudi nayo akipiga kelele hadi mlinzi akaja. Aliuliza kifungu cha tisa ni kitu gani. Safari hii nilimwandikia.

Baba alivaa vifaa siku ya Jumatano. Tulikaa jikoni. Alisikiliza bomba likidondosha maji, akasikiliza kijiko chake ndani ya chai, akatabasamu. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa, kwa sauti ya kawaida. Hakuniomba nirudie hata neno moja.

"Ulimsomea," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Huku ukijua hasikii."

"Ndiyo, baba."

Alinyanyua mkono, akakitoa kifaa cha sikio la kulia, kisha cha kushoto, akaviweka mezani kwa uangalifu, akaendelea kunywa chai. Nilisema jambo jingine, sikumbuki nini. Hakugeuka.