Sabuni Kwenye Sufuria

Chumba chao cha bweni la chuo kilikuwa na sheria moja tu: asiyepika anaosha vyombo. Aliyepika ni Bonge, maana alipenda kula na hakuona haya kusema. Mwenzake, aliyebandikwa jina la Padri kwa upole wake, hakugusa sahani.

"Nimeshakula, kaka," alisema kila jioni. Kisha alibeba sufuria kwenda karoni, na huko alikawia kama anaosha vyombo vya harusi.

Bonge alimwonea huruma. Wali wake ulishika chini kila siku, na kukwangua ukoko ni kazi ya punda. Basi akaanza kumrahisishia mambo: akimaliza kula tu, anamimina maji na sabuni ya unga ndani ya sufuria. Padri alipoiona mara ya kwanza alikoroga povu kwa kidole, halafu akasema asante. Bonge akavimba kichwa kwa wema wake. Hata Padri alipoanza kusinzia darasani, alimtania tu: "Vipi Padri, umekesha na nani?"

Jioni moja Bonge alimfuata karoni na kijiko kilichosahaulika. Akamkuta amempa mgongo, anasuuza kipande cha ukoko chini ya bomba. Padri alikinusa, akakisuuza tena, akakitia mdomoni.

Bonge alirudi kinyumenyume. Moyo ulimsuta vibaya. Ile "nimeshakula" aliiamini kwa sababu kuiamini kulimwachia sufuria nzima, na hilo alilijua siku zote.

Kesho yake alipika wali wa kuwatosha wawili, akala kiduchu, akaacha nusu sufuria bila sabuni.

"Nimeshiba, bwana. Kaoshe."

Padri alifunua sufuria. Alitazama wali, akamtazama Bonge, naye Bonge akainamisha macho. Hapo ndipo Bonge alipoharibu: Padri akajua kwamba ameonwa. Padri alipakua wali wote kwenye sahani, akaufunika, akauweka mbele ya Bonge.

"Umesahau chakula chako, kaka."

"Ndugu yangu, tule wote. Nisamehe, sikujua."

"Nimeshakula," alisema Padri, akatoka.

Tangu siku hiyo Padri harudi chumbani mpaka vyombo viwe vimeshaoshwa. Bonge anaviosha mwenyewe. Bado anapika wali wa wawili, anasubiri mpaka unapoa, kisha anakwangua ukoko peke yake.