Aliyeitika Nje ya Mahakama

Karani Feliksi alitoka barazani kama anavyotoka kila asubuhi, akashika kiuno, akaita jina kwa sauti ya kufika hadi kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara.

"Sudi Ntahondi!"

Ulikuwa utaratibu tu. Mtu haandikwi kwamba hakuhudhuria mpaka aitwe mlangoni, watu wasikie, na yeye anyamaze. Sudi alikuwa amepotea ziwani kwa zaidi ya miaka mitano, na aliyefungua shauri ni mkewe, akiomba mahakama itamke kwamba mumewe amekufa. Hakuna aliyetegemea jibu. Feliksi aliita mara ya pili huku ameshageuka kurudi ndani.

"Naam," mtu akaitika.

Hakimu Evaline, aliyekuwa mezani anafungua jalada, aliisikia vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito kidogo kama ya mtu aliyeamshwa, nayo ilitoka nyuma ya jengo, upande unaotazama ziwa. Moyoni alifurahi. Aliona kesi imekwisha kabla haijaanza.

"Mwambie aingie," alisema.

Feliksi alizunguka jengo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. "Hakuna mtu, Mheshimiwa. Kuna ukuta na majani tu."

Watu waliokuwa kwenye mabenchi walianza kunong'ona. Mmoja alitoka, wengine wakamfuata. Mwanvua, mke wa Sudi, hakugeuza hata shingo. Alikaa na mtandio wake wa kijani, mikono mapajani, akimtazama hakimu kama mtu aliyesubiri kwa muda mrefu wenzake wasikie anachokisikia yeye.

"Ndiyo maana nimekuja, Mheshimiwa," alisema. "Nyumbani huitika hivyo hivyo."

Evaline alikuwa mtu wa Makete, mlezi wa kwaya kanisani, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu katika Mahakama ya Mwanzo ya Ujiji. Alipenda sheria kwa sababu ina ngazi. Juu kuna Katiba, chini yake sheria zilizotungwa na Bunge, kisha maamuzi ya mahakama za juu, na kwenye mambo ya ndoa na mirathi kuna dini na mila za watu wenyewe, zilizokuwapo kabla ya serikali yoyote. Mahakama nazo ziko hivyo hivyo, kutoka ya Mwanzo hadi ya Rufani. Kila jambo lina mahali pake pa kukaa. Siku ile aliona kitu ambacho hakikuwa na mahali.

Hata hivyo alimwapisha Mwanvua kwa Msahafu, akamsikiliza.

Mwanvua alieleza bila kulia. Mumewe alizaliwa Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, akabatizwa Elia. Alipokuja Ujiji kuvua dagaa alimpenda yeye, binti wa ukoo uliotoka Kongo zamani, akasilimu, akaitwa Sudi. Walijenga nyumba pale Bangwe. Siku moja aliondoka na wenzake kwenda Kagunga kumwona mama yake mgonjwa, upepo ukawakuta njiani. Chombo kilionekana kimepinduka. Maiti za wenzake ziliokotwa moja moja. Yake haikuokotwa.

"Nilipomlilia mara ya kwanza nilimwita jina," alisema. "Akaitika uani. Nilikimbia nikidhani amerudi. Siku ya pili watoto wakamwita, akaitika. Tulimtafuta mpaka kwenye tangi la maji. Mwisho tukaacha kulitaja jina lake. Nina mtoto niliyemzaa baada ya yeye kupotea, Mheshimiwa. Mtoto huyo hajui baba yake anaitwa nani, maana hakuna anayethubutu kulitamka ndani ya nyumba."

"Unataka mahakama ikupe nini?"

"Eda. Nimechoka kuwa mke wa sauti. Shehe ananiambia nikathibitishe serikalini kwanza. Kama amekufa nimkalie eda, nimsomee hitima. Kama yupo, mniletee."

Elieza, mdogo wake Sudi, alikuwa amepanda boti kutoka Kagunga kuja kupinga. Alikuwa mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kikivutwa na Kiha.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema, ingawa walikaribiana umri. "Mimi sigombei nyumba wala nyavu. Achukue zote. Ninachosema ni hiki: kwetu Buha, mtu anayeitika hafanyiwi matanga. Ukimlilia mtu anayeitika, umemfukuza. Mila yetu serikali inaitambua, au nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Evaline.

"Basi mniachie ndugu yangu. Mama tulishamzika mwaka jana."

Mahakama iliahirishwa. Evaline alikaa ofisini na washauri wake wawili wa mahakama. Verediana, mama wa Kiha aliyestaafu ukunga, alisema Elieza amesema kweli, ndivyo walivyolelewa. Mzee Akilimali, mtu wa msikitini pale Ujiji, alisema dini nayo inamjua mtu aliyepotea: mkewe husubiri muda uliowekwa, kisha kadhi hutamka, kisha anakaa eda. Dini haikumwachia mwanamke asubiri milele.

"Na huyu anayeitika?" aliuliza Evaline.

Mzee Akilimali alivua kofia, akaipangusa kwa kiganja, akaivaa tena. "Hilo sijalisoma popote."

Jioni ile Evaline alisoma upya Sheria ya Ndoa. Alikuwa akiijua kwa moyo, lakini safari hii maneno yalimtazama kwa jicho jingine. Mwenzi ambaye hajasikika kwa miaka mitano, hata kwa wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, huhesabiwa amekufa. *Hajasikika.* Alifunga kitabu, akakifungua tena. Huyu mtu alikuwa akisikika. Karani wake amemsikia, na yeye mwenyewe amemsikia, akiwa juu ya kiti cha Jamhuri, mchana kweupe.

Alimpigia simu hakimu mmoja mkubwa aliyemfundisha kazi, akamweleza nusunusu. Yule alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Usinitumie mimi kitu hicho," alisema. "Sisi wa juu hatulishiki jambo ambalo wa chini hajaliamua. Swali lianze kwako. Kwani mahakama yako inaitwaje?"

Shauri liliporudi, mabenchi yalijaa na dirishani watu walisimama. Ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kama bati. Evaline alimwambia Feliksi afungue milango yote miwili na madirisha, mtu asikae njiani. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Alisimama, akaita mwenyewe.

"Sudi Ntahondi!"

"Naam."

Mara hii ilikuwa karibu. Ilikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, pale pale penye mwanga. Mtu mmoja alianza kusoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona. Elieza alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Ingia," alisema Evaline. "Shahidi husimama pale kizimbani. Karani ana Msahafu na ana Biblia. Chagua utakachoapia."

Walisubiri. Feliksi alisimama na vitabu viwili mikononi, jasho likimtiririka puani. Hakuna kilichovuka kizingiti. Hata upepo haukuingia.

"Sudi Ntahondi, uko wapi?"

"Naam."

"Mama yako alifariki mwaka jana. Unajua?"

"Naam," sauti ikaitika, kwa utulivu ule ule, kama mtu anayeitwa chakula.

"Mkeo alijifungua baada ya wewe kuondoka. Mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Naam."

Hapo Mwanvua aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. Evaline aliketi taratibu. Hofu ilikuwa imempanda mpaka kwenye meno, lakini juu ya hofu kulikuwa na kitu kingine, huzuni kubwa ya kumwona mtu aliyebakiza neno moja tu.

Aliandika hukumu yake hapo hapo, akaisoma kwa sauti. Alisema mila ya Waha ni sheria na ameiheshimu, dini ya Sudi ni sheria na ameiheshimu. Lakini mtu huyu aliishi Ujiji kwa dini aliyoichagua, akaoa kwayo, na mila inapogongana na sheria ya Bunge, hakimu hana ruhusa ya kuifuata mila. Sheria ya Bunge inataka habari. Kuitika si habari. Mtu aliye hai akiitwa huja, au husema kwa nini haji. Mahakama imemwita, imempa nafasi ya kusikilizwa kama Katiba inavyotaka kwa kila mtu, naye hakuwa na la kusema. Kwa hiyo anahesabiwa amekufa, na Mwanvua ni mjane kuanzia siku hiyo.

"Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa Mahakama ya Wilaya," alimalizia, kama sheria inavyomtaka aseme. Akajikuta ametazama mlango wa nyuma. Watu wote waliutazama.

Kimya.

Mwanvua alirudi kuchukua nakala ya hukumu baada ya eda kwisha. Alikuwa amekonda. Evaline alimkaribisha ofisini, akamuuliza hali ya nyumbani.

"Ameacha," alisema Mwanvua. "Tangu siku ile. Usiku wa kwanza nililala mpaka jua likatoka. Mtoto nimemfundisha jina la baba yake, analiimba uani akicheza, na hakuna anayejibu." Alikunja nakala yake, akaikunjua. "Juzi nilimwita mimi mwenyewe, Mheshimiwa. Makusudi. Nilimwita mara nyingi."

Kisha akalia, hapo kwenye kiti cha wageni, kilio kikubwa cha msiba kilichokuwa kimecheleweshwa miaka yote ile. Feliksi alichungulia akarudi. Evaline alifunga mlango. Alikumbuka kwamba hukumu ile ina saini yake na mhuri wa serikali.

Elieza alikuwa amekata rufaa. Jalada lilikwisha kupandishwa wilayani alipokuja Ujiji tena, na hakuja kulifuatilia. Alikuja kusema anaifuta. Evaline alimkuta barazani, amevua viatu vyenye matope ya bandarini, uso wake mkunjufu.

"Umeridhika, basi?" alimuuliza.

"Sikuridhika, Mheshimiwa. Sina haja tu." Aliangalia pembeni kuhakikisha Mwanvua hayupo. "Wewe ulimhukumu Sudi. Sudi ni jina la huku. Mimi niliporudi nyumbani nilisimama pale ziwani tulipokuwa tukioga tukiwa watoto, nikamwita kwa jina alilobatizwa, kwa Kiha."

Evaline alijua, na hakutaka kujua.

"Ameitika kwa Kiha," alisema Elieza. "Tena safari hii ameniuliza habari za mama."

Aliinama, akavaa viatu, akaaga kwa heshima zote, akateremka kuelekea bandarini kuwahi boti ya Kagunga. Evaline alibaki barazani. Kuna sheria iliyomtaka kupitia upya hukumu kukiwa na ushahidi mpya. Kuna hakimu wa juu yake wa kumwandikia. Na kuna mwanamke Bangwe aliyemaliza eda yake na aliyeanza kupata usingizi. Alikuwa bado amesimama hapo Feliksi alipokuja kumkumbusha kwamba watu wa shauri linalofuata wamefika.

"Niwaite, Mheshimiwa?"

"Hapana," alisema. "Nenda uwaguse bega, uwalete mmoja mmoja."